Mtoto Yuko Nyumbani, Moyo Wangu Bado Uko Wodini

BARUA

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nakuandikia saa tisa usiku. Mtoto amelala kifuani pangu, leo ametimiza wiki tano. Ni wa kike, ndiye wa kwanza, nami nina miaka 27. Kila anayekuja kutuona hapa Tanga anasema, "Hongera, Mungu kakuvusha," nami naitikia, "Alhamdulillahi." Lakini najiona bado sijavuka, Mama Mkubwa, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Mimba yangu ilikwenda vizuri mpaka mwezi wa saba. Kisha miguu ikaanza kuvimba, pete ya ndoa ikakataa kuvuka kifundo cha kidole. Kila mtu akasema ndio ujauzito huo. Kliniki wakapima presha wakakuta 150/100, na mkojo una protini. Wakanipa methildopa, vidonge vya kushusha presha, wakaniambia nirudi kila wiki. Wiki ya 36 niliamka alfajiri kichwa kinagonga, nikitazama taa ya chumbani naona vimulimuli. Tulipofika hospitali presha ilikuwa 170/115. Sikuruhusiwa tena kurudi nyumbani.

Daktari alisema, "Tunakuanzishia uchungu," akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nikaletewa karatasi, nikasaini bila kuisoma. Nikachomwa sindano ya mshipa, kisha mbili makalioni, mwili mzima ukawaka kama nimepakwa pilipili. Nikajua ndiyo nakufa, nikatamka shahada. Nikawekewa mpira wa mkojo. Kila baada ya saa kadhaa anakuja mtu, ananigonga goti kwa kinyundo, anaandika, anaondoka. Kidonge kikayeyushwa kwenye chupa ya maji, nikawa nanyweshwa kidogo kila baada ya saa mbili, usiku kucha. Asubuhi wakaniwekea dripu. Dada zangu walinisimulia uchungu unaokuja taratibu, unapumzika, unarudi. Wangu ulikuja wote kwa pamoja. Baada ya saa 29 mtoto akatoka, na hakulia. Nilimsikia mkunga akimsugua mgongo, akamwita mwenzake, wakaweka kitu usoni pake, kisha nikasikia sauti kama ya paka. Wakaondoka naye. Nilimwona kesho yake mchana, kwenye chumba cha njiti, ana kilo 2.1. Alikaa humo siku tisa.

Mama mkwe wangu amekuja kutoka Pangani kunilea. Ni mtu mwema, ananipikia uji wa pilipili manga, ananifulia, anamwimbia mjukuu wake. Lakini anasema uchungu wa dawa si uchungu, ndiyo maana maziwa yalichelewa kushuka. Anataka niache vidonge vya presha (nilitoka na methildopa ileile na nifedipini) kwa kuwa vinaingia kwenye maziwa. Asubuhi na jioni ananikanda kwa maji yaliyochemka, na mara mbili nimeona kizunguzungu nikakaa chini. Wifi yangu naye alisema mbele ya wageni kwamba presha ya mimba inaletwa na hasira, na kwamba mimi tangu zamani ni mtu wa kununa.

Linalonitia hofu zaidi ni hili. Sioni furaha. Mtoto nampa kila kitu, namnyonyesha, namwogesha, lakini najiona kama nimeachiwa mtoto wa mtu nimtunzie mpaka mwenyewe arudi. Nikisinzia nasikia ule mlio wa mashine. Naamka kuweka kidole puani pake, usiku mmoja hata mara kumi. Begi nililotoka nalo hospitali liko chini ya kitanda, sijalifungua mpaka leo.

Mume wangu ana furaha hata anasahau kula. Anasema mwakani tumtafutie mtoto mdogo wake. Na kwao wanaandaa arobaini: turubai, maulidi, watu mia mbili, gauni nimeshapimiwa. Sitaki. Lakini nikisema sitaki nitaonekana sina shukrani, na mtoto yupo hai.

Nilikosea wapi? Vidonge niviache? Na hiyo arobaini niikatae vipi?

Mzazi, Tanga

JAWABU

Marahaba mwanangu. Pole sana. Nimeanza na pole kwa makusudi, maana kwa wiki tano naona umepewa hongera peke yake.

Vidonge usiviache. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lisilongoja. Watu wengi wanaamini presha ya mimba inaisha pale kondo la nyuma linapotoka. Ni kweli kwamba tiba yake ni kuzaa, lakini mwili haurudi siku hiyohiyo. Presha ina tabia ya kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, mama akiwa ameshapelekwa nyumbani, na kifafa cha mimba kinaweza kumwangusha mzazi mpaka wiki ya sita. Wewe uko wiki ya tano. Nifedipini na methildopa zinapita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno, na wanaonyonyesha wanapewa kila siku. Mwanao hatadhurika. Anayeweza kudhurika ni wewe, ukizikatisha ghafla kwa sababu ya maneno ya sebuleni.

Kuna jambo moja huenda hukuambiwa. Methildopa ni dawa nzuri kwa mjamzito, lakini kwa baadhi ya watu inaushusha moyo, yaani inaleta huzuni. Mwongozo wa Uingereza unawataka madaktari waibadilishe ndani ya siku mbili baada ya mama kujifungua, kwa sababu hiyo. Sisemi ndiyo iliyokuletea haya unayoyaona. Yaliyokupata yanatosha kumwangusha mtu bila dawa yoyote. Ila ukifika kliniki sema hivi: "Nilijifungua wiki tano zilizopita, bado natumia methildopa, na moyo wangu uko chini. Naomba mnipime presha, na mtazame kama naweza kubadilishiwa." Usibadilishe mwenyewe, wala usipunguze.

Na ukiumwa kichwa kisichosikia dawa, ukaona vimulimuli au ukungu, ukapata maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au pumzi ikawa fupi, usingoje kupambazuke. Presha ikifika 160/110 ni dharura, hata kama unajiona uko sawa. Mume wako alijue hili, na mama mkwe pia alijue, maana ndiye anayekaa nawe mchana.

Sasa nikurudishe wodini kidogo. Nimekuwa mkunga miaka 31 kabla ya kustaafu, na katika barua yako nzima mstari ulionichoma ni ule wa kinyundo. Ulilala pale mtu anakugonga goti, unadhani unakufa, na hakuna aliyekupa dakika mbili za kukueleza. Hiyo ilikuwa haki yako, na hukupewa. Acha nikupe leo, japo imechelewa.

Ile sindano iliyokuunguza ni magnesiamu salfeti. Joto lile humpata karibu kila anayechomwa, ndivyo dawa ilivyo. Kazi yake ni kuzuia ubongo usipatwe na kifafa. Nilipoanza kazi mwaka 1988 hatukuwa nayo pale nilipokuwa. Mama mwenye kifafa cha mimba tulimlaza chumba cha giza, madirisha tumeyafunika mablanketi, tukamchoma diazepamu, dawa ya kutuliza, tukawa tunatembea kwa vidole ili sauti isimshtue. Tuliwapoteza. Nawakumbuka baadhi yao mpaka kanga walizovaa. Mwaka 1995 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba magnesiamu inashinda diazepamu, na mwaka 2002 ukaja mwingine ulioonyesha kwamba mwenye dalili kama zako akichomwa mapema, hatari ya kupata kifafa inapungua kwa zaidi ya nusu. Ile sindano ilichoma, mwanangu, lakini ilichoma kwa ajili yako.

Kinyundo je? Magnesiamu ikizidi mwilini, kitu cha kwanza kupotea ni ule mruko wa goti. Baada ya hapo ndipo pumzi inaanza kulegea. Kwa hiyo tunagonga goti, tunahesabu pumzi, tunapima mkojo kwenye mpira kuona kama figo zinaitoa dawa. Goti likiruka, mama yuko salama kwa dozi inayofuata. Yule aliyekuja usiku kucha akaondoka bila neno alikuwa anakulinda. Angekwambia, ungelala japo kidogo.

Na kile kidonge kilichoyeyushwa kwenye chupa ni misoprostoli. Kidonge kimoja kina mikrogramu 200, ni kingi mno kwa kuanzisha uchungu, ndiyo maana kinayeyushwa na mama ananyweshwa kipimo cha mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili. Kinalainisha mlango wa kizazi. Ukishalainika na uchungu bado unasuasua, inawekwa dripu ya oksitosini. Uchungu wa namna hiyo mara nyingi unakuja kwa nguvu na kwa kufuatana, bila yale mapumziko dada zako waliyoyapata. Hukuwa dhaifu. Wao walipanda mlima kwa njia ya kuzunguka, wewe ulipandishwa kwa njia ya mkato, tena umelazwa chali, una mpira wa mkojo na dripu mkononi.

Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na maneno ya mama mkwe, kwa heshima zake zote. Uchungu wa dawa ni uchungu. Oksitosini ndiyo homoni ambayo ubongo wa kila mwanamke unaitoa wakati wa kuzaa. Mwaka 1953 mwanakemia wa Marekani aitwaye Vincent du Vigneaud aliweza kuitengeneza maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Iliyomo kwenye chupa ya dripu ni ileile, haina tofauti hata chembe. Kizazi hakiulizi imetoka wapi. Maziwa yako yalichelewa kwa sababu mtoto alikuwa chumba kingine na wewe ulikuwa mgonjwa sana. Maziwa yanaitwa na mtoto anayenyonya, na mtoto hakuwepo. Yalishuka alipokuja kifuani, si ndiyo?

Unauliza ulikosea wapi. Hukukosea. Presha hii inaanzia kwenye kondo la nyuma, katika miezi ya mwanzo kabisa, kabla hata tumbo halijaonekana. Mishipa ya damu inayolilisha kondo haitanuki inavyotakiwa, na baadaye kondo linalokosa damu ya kutosha linamwaga vitu vinavyosumbua mishipa ya mama mwili mzima: figo zinavujisha protini, ini linauma, macho yanaona vimulimuli. Huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza kama wewe, wenye mapacha, wenye kisukari, wenye presha ya tangu zamani. Hasira haimo. Kununa hakumo. Wala husuda, wala chumvi uliyokula. Wifi yako alisema kitu asichokijua mbele ya watu, na kwa kuwa kilisemwa mbele ya watu, ni haki yako kikanushwe mbele ya watu. Hiyo ni kazi ya kaka yake, wewe usijibu.

Mtoto hakulia. Najua kimya kile, nimesimama ndani yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kati ya watoto 10, mmoja hivi anahitaji kusaidiwa kuanza kupumua: anakaushwa, anasuguliwa mgongo, wengine wanapulizwa hewa kwa mfuko na kinyago. Tunafundishwa kwamba hayo yote yaanze ndani ya dakika moja, tunaiita dakika ya dhahabu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufundisha wakunga wake namna hiyo, tangu mwaka 2009. Ulichosikia, yule mkunga kusugua, kumwita mwenzake, kitu kuwekwa usoni, ndiyo hatua zenyewe kwa mpangilio wake. Na ile sauti ya paka ndiyo mwanao akifika.

Nije kwenye moyo wako. Umeniambia huoni furaha, lakini barua umeiandika saa tisa usiku na mtoto kifuani, kitandani angeweza kulala. Unaweka kidole puani mara kumi. Asiyempenda mtoto hafanyi hivyo, mwanangu. Mapenzi unayo, ila yametishwa, na mtu aliyetishwa hawezi kufurahi mpaka hofu ishuke. Wewe uliandaliwa kufa saa moja na kupewa mtoto saa iliyofuata, kisha ukanyang'anywa siku tisa, kisha ukaambiwa cheka. Wengine wote kwao uzazi ule umekwisha. Kwako bado unaendelea, kila mashine inapolia usingizini.

Hilo lina jina na lina tiba. Huzuni ya siku za mwanzo, machozi ya bila sababu, huwapata wazazi wengi na huisha zenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka hapo, kama yako ilivyovuka, tunaiita sonona ya baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano baada ya kujifungua anapatwa na tatizo la afya ya akili, na kubwa lao ni hilo. Na aliyepitia uzazi wa hatari kama wako anaweza pia kubaki na kumbukumbu zinazomrudia kama zinatokea sasa hivi. Mwambie muuguzi wa kliniki kama ulivyoniambia mimi, pamoja na mlio wa mashine na kidole cha puani. Ukiona aibu, mpe barua hii aisome. Na kama kuna usiku utakaokuja fikra kwamba afadhali usiwepo, au kwamba umdhuru mtoto, mwamshe mumeo saa hiyohiyo mwende hospitali. Hiyo ni dharura kama presha.

Jambo dogo ambalo nimeona likisaidia: usimbebe mtoto kwa ajili ya kumkagua tu. Mvue abaki na nepi na kofia, wewe vua blauzi, mlaze wima katikati ya matiti, mfunge kwa kanga, ngozi kwa ngozi. Ndiyo njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linaitaka kwa kila mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo. Wako amekua, lakini hujachelewa. Akiwa hapo utaisikia pumzi yake bila kuweka kidole. Baba yake naye afanye hivyohivyo jioni moja moja, wewe ulale saa tatu mfululizo. Kifua cha baba kina joto la kutosha.

Kuhusu mtoto mwenyewe sina hofu kubwa, kwa kuwa ananyonya. Chanjo za wiki ya sita azipate kwa tarehe aliyozaliwa, hasubiri kwa sababu ni njiti. Lakini kucheka, kushika shingo, kukaa, hesabia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, yaani mtoe wiki nne. Mtoto wa jirani akitangulia, usijali. Akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, mpeleke.

Mama mkwe usimgombeze. Mwanamke aliyefunga safari kutoka Pangani, anafua nepi na kukoroga uji, hana nia mbaya. Anafanya alivyofanyiwa. Mshukuru kwa uji, mshukuru kwa nyimbo. Maji ya kukanda yawe ya uvuguvugu. Mtu anayetumia vidonge vya presha akimwagiwa maji ya moto, mishipa inafunguka na presha inashuka ghafla. Kizunguzungu chako ndicho hicho, na siku moja utaanguka na mtoto mkononi. Tumbo lisikandamizwe. Nenda naye kliniki. Mwombe muuguzi ampime na yeye presha, watu wa umri wake wengi wanayo na hawajui. Akishafungwa kile kitambaa mkononi na kusomewa namba zake, muuguzi amweleze yeye mwenyewe kuhusu vidonge vyako. Nimewaona wakwe wengi wakitoka mle chumbani wamekuwa walinzi wa dawa, wanahesabu vidonge kuliko mzazi mwenyewe.

Arobaini. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na mume wako akisoma asinichukie. Watu mia mbili kwa mtoto njiti wa wiki sita ni wengi. Kila mmoja atataka kumshika na kumbusu, mmoja atakuwa na mafua, na mafua ya mtu mzima kwa mtoto yule yanaweza kumrudisha hospitali. Na mzazi wake ana presha, halali, atavalishwa gauni akae chini ya turubai akitabasamu toka asubuhi mpaka magharibi. Hapana. Isomwe dua, wawepo ndugu wa karibu, watu ishirini hivi, chakula kipikwe kwa jirani, mtoto abaki kwa mama yake. Mwenye mafua atume salamu. Shughuli kubwa ingoje mtoto akifikisha miezi mitatu au minne, ukiwa na nguvu, ukiwa umeitaka mwenyewe. Wala usiipeleke wewe habari hiyo kwa wakwe. Mwambie mumeo hivi: "Baba fulani, mimi bado naumwa. Nataka kufurahi na wewe, lakini siwezi siku hiyo. Wewe waambie kwenu kwamba daktari ametaka tupumzike." Na ukienda kliniki, mwombe daktari aliseme hilo, ili liwe kweli.

Unadhani kukataa shughuli ni kukosa shukrani. Mwanangu, unameza vidonge vyako kwa wakati, unaamka usiku, unamnyonyesha. Ni shukrani gani nyingine wanayoitaka?

Kuhusu mwakani, hapana, si mwakani. Pumzisha mwili miaka miwili kabla ya kubeba tena. Kabla hujamaliza siku 42 uliza njia ya uzazi wa mpango: kijiti, kitanzi, kondomu, zote zinakufaa unaponyonyesha. Vidonge vya homoni mbili havifai kwa mwenye presha. Mimba ijayo uwahi kliniki kabla ya wiki ya 12 na useme neno kwa neno: "Mimba ya kwanza nilipata presha kali, nikaanzishiwa uchungu wiki ya 36." Daktari anaweza kukuandikia aspirini ya dozi ndogo mapema, pamoja na kalsiamu. Wengi waliopata kama wewe hawapati tena kwa ukali ule, lakini kwa sababu yanaweza kurudi, unaingia umejiandaa. Presha yako uipime kila mwaka hata ukiwa huna mimba, maana waliopitia hili wako katika hatari zaidi ya presha na moyo ukubwani.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda kliniki. Chukua kadi yako na ya mtoto, na karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali. Imo kwenye lile begi.

Lifungue na mumeo, mtoto akiwa amelala. Kanga zenye damu akafue yeye. Humo chini, kama wodi yenu inafanya kama yetu, utakuta kipande cha plasta walichomfunga mtoto mguuni, kimeandikwa jina lako kwa kalamu, tarehe, saa, na 2.1. Mwonyeshe mumeo. Hajui kilichotokea mle ndani, alikuwa nje kwenye benchi saa zote 29. Msimulie, ukianzia pale ulipotamka shahada.

Mama yako mkubwa